Barua kwa Neema: usiifute epsiloni haraka

Mafinga, Iringa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, ila ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na baba yako anagombana na kuni mbichi kila siku. Habari nyingine za nyumbani atakuandikia mdogo wako, anazijua kuliko mimi. Mimi nakujibu lile swali la utafiti.

Unasema msimamizi wako amekupa milinganyo tofautishi (ile inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika) kwenye maeneo membamba, yaani kanda zenye upana mdogo sana tunaouita epsiloni, ε, nawe huoni kazi iko wapi: "Mama, si naweka tu epsiloni sawa na sifuri, ukanda unakuwa mstari, basi?" Mstari utaupata, mwanangu. Lakini ni mlinganyo gani utakaobaki juu ya huo mstari? Hilo ndilo ulilopewa ulitafute.

Chukua daftari. Ukanda wenye urefu 1 na upana ε, opereta ya Laplace (ile inayopima jinsi wimbi linavyopinda), tafuta thamani zake za aigeni, yaani namba zinazoonyesha mitetemo ya asili ya ukanda. Kuta zikiwa za Neumann, yaani hakuna kinachopenya, unapata π²n² + π²m²/ε², na n (ya urefu) na m (ya upana) ni namba nzima, zote zinaanzia sifuri. Weka ε = 0.01. Ukichukua m = 0, namba ni 0, 9.87, 39.5 na kuendelea, zile zile za uzi mmoja uliolala chali. Upana haujatajwa popote. Ili upana uanze kusema neno, m lazima ifike 1, na hapo tayari uko kwenye 98,696. Chini ya hapo kuna thamani mia moja kamili ambazo hazijui kama ukanda una upana.

Sasa badilisha sharti moja tu. Kuta ziwe za Dirichlet, wimbi lilazimishwe kuwa sifuri ukingoni. Hapa m = 0 hairuhusiwi, kwa hiyo hata thamani ya kwanza kabisa inaanzia huko juu kwenye 98,000 na ushee, na ε ikipungua inapaa bila kikomo. Ukanda ni ule ule, wembamba ni ule ule. Ukiweka sifuri kama ulivyotaka, upande mmoja unapata jibu la maana na upande wa pili unapata kitu kisicho na mwisho. Ndiyo maana watu wanaandika asimptotiki: kwanza wanatoa kile kinacholipuka, kisha wanaangalia kilichobaki.

Na kilichobaki ndicho kitamu. Tuseme upana si sawa kote, ni ε mara h(x). Kwa Neumann limiti, yaani mlinganyo unaobaki ε ikienda sifuri, ni −(h u′)′ = λ h u, ambapo u ni wimbi na λ ni thamani ya aigeni. Unene umekwisha, lakini h imebaki ndani ya mlinganyo kama uzito, haifutiki. Kwa Dirichlet mambo ni tofauti kabisa: wimbi linakimbilia mahali ukanda ulipo mpana zaidi na kujibana hapo. Leonid Friedlander na Michael Solomyak walilionyesha hili vizuri mwaka 2009. Kama upana mkubwa kabisa ni M, nao uko kwenye kilele kimoja cha mviringo laini, neno la kwanza ni π²/(ε²M²), kisha linafuata neno la ukubwa wa 1/ε ambalo thamani zake ni za osileta ya hamoniki, yaani kitu kinachotetemeka kama kwenye springi, ile uliyosoma kwenye fizikia ya kwanta. Eneo ambamo wimbi linakaa lina ukubwa wa kipeuo cha pili cha ε. Kwa ε = 0.01 ni kama sehemu moja ya kumi ya ukanda mzima. Kwingine kote ni kimya. Mimi binafsi hilo lilinishangaza kuliko sheria ya Weyl ya 1911. Yeye alithibitisha kwamba idadi ya thamani zilizo chini ya λ hukua kama eneo mara λ kugawa kwa 4π. Ni kweli, lakini kwa ukanda wako wa Neumann sheria hiyo haianzi kuonekana mpaka upite ile 98,696. Kabla ya hapo idadi inakua kama kipeuo cha pili cha λ.

Homojenaizesheni, yaani kubadilisha kitu chenye vipande vingi vidogo vinavyojirudia kwa kimoja sawa chenye wastani ufaao, nitakueleza kwa mwanzi. Miaka ya 1970 mkoani kwetu kulikuwa na mradi wa kupeleka maji vijijini kwa mabomba ya mianzi, wakitoboa mafundo kwa ndani ili maji yapite. Tuseme mafundo yanachukua sehemu moja ya kumi ya urefu, na tundu lililotobolewa lina nusu ya kipenyo cha pingili. Maji yakienda taratibu, uwezo wa kupitisha unafuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo, kwa hiyo kwenye fundo ni 1/16. Wastani wa kawaida unakupa karibu 0.91, na mhandisi mvivu atasema bomba ni zima. Lakini vikwazo vilivyopangana mfululizo hujumlishwa: 0.9 jumlisha 0.1 × 16 ni 2.5, geuza upate 0.4. Huo ndio wastani wa hamoniki, na ndio unaobaki mafundo yakiwa mengi na ya karibu karibu. Kwenye spektra, yaani orodha ya thamani zote za aigeni, upitishaji huchukua wastani wa hamoniki, uzito huchukua wa kawaida, na thamani mpya ni uwiano wa hizo mbili mara π²n². Sergio Spagnolo alikuwa ameanza kuijengea misingi nadharia hii kufikia 1968.

Hesabu yangu hiyo, lakini, imedanganya kidogo. Fundo halisi la mwanzi ni kiwambo chembamba kuliko upana wa bomba, kwa hiyo maji hayaendi kwenye mstari mmoja pale. Yanajikunja kuingia tunduni. Umbali kati ya mafundo ukilingana na unene, formula ya mwelekeo mmoja haitoshi, itakubidi utatue tatizo la seli, pingili moja kamili na kuta zake. Na kuta za Neumann zikiwa na meno ya haraka kuliko unene wenyewe, mtiririko unapita kwenye njia nyembamba iliyo wazi katikati tu; yale meno yanabeba uzito lakini hayapitishi kitu. Limiti tatu tofauti, na zote ukizichora zinafanana na mstari.

Kwa hiyo ukikutana na msimamizi wako wiki hii, kabla hujaandika teorema yoyote, muulize mawili: kuta ni za nani, Neumann au Dirichlet? Na kati ya pingili na unene, kipi kinakwenda sifuri haraka zaidi? Akikujibu nitumie kwa WhatsApp, hata usiku. Kidato cha sita wangu wako kwenye mock, nakesha nikisahihisha.

Mimi mama yako