Msimwite "sugu" ambaye hajahukumiwa

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Karakana zetu za samani zimepakana na gereza la mahabusu, kwa hiyo lugha ya lupango naisikia kila siku: karandinga, nyapara, fulani kapigwa mvua saba.

Wenyewe wakiyasema hayanisumbui. Aliyelala kwenye sakafu ile ana haki ya kuiita miaka yake mvua. Kinachoniuma ni gazeti kuandika kwa herufi kubwa "Alambwa mvua 30", kama vile tunashangilia bao. Miaka 30 ndiyo adhabu ya chini ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mama wa kijana huyo huenda asimwone tena nje.

Baya zaidi ni "jambazi sugu". Polisi wakikamata watu leo, kesho picha zao zipo ukurasa wa mbele na hilo "sugu" limeshawaganda, mahakamani hata hawajafikishwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Karakanani kwangu yupo kijana aliyekaa mahabusu kwa kesi ya wizi, mwishowe akaachiwa. Hakutiwa hatiani kwa lolote. Anapiga randa vizuri sana, mkono wake umetulia. Mwaka huu mteja aliyekwisha kutoa malipo ya awali ya kabati la mninga alirudi kudai fedha yake, maana jirani alimwambia, "Huyo atakayekuja kukufungia kabati chumbani ni mtu wa selo." Nikamrudishia. Kijana alikuwa palepale anapiga msasa, anasikia.

Mwenzake kweli alifungwa, na kifungo akakimaliza. Mtaani kwao jina lake limekufa, anaitwa "mzoefu". Ikiibwa betri ya bajaji usiku, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Na katika jiji hili mtu akishapigiwa yowe la mwizi anaweza kuuawa kabla polisi hawajafika.

Mhariri, nakuomba muandike "mtuhumiwa" mpaka hakimu aseme. Aliyemaliza kifungo mtajeni kwa jina na kazi anayoifanya sasa. Na kama picha ya mtu mliichapa ukurasa wa mbele siku alipokamatwa, akiachiwa huru ichapeni tena, ukurasa uleule.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam