Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Wanagenzi Wetu Wanakwenda Wapi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote wa chama chetu cha mafundi na wenye biashara ndogo hapa Tanga, mlioko Ngamiani, Chumbageni, Duga na Pongwe, pamoja na wenzetu mliohamishia karakana Muheza na bado mnalipa ada kana kwamba hamjatoka mjini. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na habari za mfuko wa kusaidiana ataeleza katibu. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwa jambo moja, ambalo mwaka huu limetukalisha vikao vitatu na kutugombanisha watu tunaopendana. Ni jambo la uhaba wa watu wa kazi, hasa wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi kazini.

Kila mmoja wetu amelia kilio hiki. Gereji hazina spana boi. Fundi bomba wa miaka hamsini na tano anabeba mabomba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Mwenye mgahawa anapika, anahudumia meza na kuosha vyombo. Saluni ina viti vinne na msusi mmoja. Na hapohapo vijiwe vya bodaboda vimejaa vijana wenye nguvu zao. Kazi ipo, watu wapo, ila hawaji kwetu. Na wakija, hawakai.

Kikao cha kwanza kilitawaliwa na neno moja: uvivu. Wazee wangu ninaowaheshimu walisema vijana wa siku hizi hawataki kuchafuka mikono, wanataka simu na pesa za haraka. Nililinyamazia neno hilo siku ile kwa adabu. Leo naomba wazee wanipe ruhusa nilijibu, kwa sababu sisi watu wa Tanga tunapaswa kuwa wa mwisho kulitamka.

Mji huu ulikua kwa mkonge. Enzi za ukoloni wenye mashamba walilalamika mwaka hadi mwaka kwamba hawapati watu, na sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo, kwamba Mwafrika hapendi kazi. Lakini Wabondei, Wadigo na Wasambaa walikuwa na mihogo yao, mahindi yao na minazi yao. Walipima ujira wa kukata mkonge, wakapima maisha ya kambini, wakaona heri jembe la nyumbani. Badala ya kupandisha ujira vya kutosha, wenye mashamba wakaenda kutafuta watu mbali. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wakasombwa kutoka Kigoma na Nyanda za Juu Kusini hadi Ruanda-Urundi. Hao ndio manamba. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, alitoka Kasulu, Kigoma, akiwa na kipande mfukoni, yaani kadi ya kibarua ya siku thelathini za kazi. Hakuwa na bidii kuwashinda Wadigo waliokataa. Alikuwa na njia chache kuwashinda.

Ndiyo maana nikisikia neno uvivu nauliza kwanza: huyu kijana ana njia gani nyingine, na sisi tunampa nini?

Tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mpigo nchi nzima, yale tuliyoyaita madarasa ya UVIKO. Mnakumbuka Novemba ile. Mafundi ujenzi walitakiwa kila kata kwa wakati mmoja, na malipo ya saidia fundi yakapanda ndani ya siku chache. Vijana tuliokuwa tukiwaita wavivu walifika saa kumi na mbili asubuhi na makoleo yao, wengine kutoka vijiji ambavyo hatukuwahi kupata kibarua hata mmoja. Kazi zilipokwisha malipo yakarudi chini, nao wakatoweka. Siamini kwamba uvivu uliwatoka Novemba ukawarudia Januari.

Hata hivyo siwezi kusema ni pesa tu, kwa sababu kikao cha pili kilileta hoja nyingine ambayo naiona ina uzito kuliko tulivyoipa. Ni ya shule. Wengi wetu hapa tulianza ufundi na miaka kumi na minne au kumi na mitano, tulipomaliza darasa la saba na kukosa nafasi au ada. Karakana zetu zilijengwa juu ya watoto wa namna hiyo. Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Yule mtoto aliyekuwa akiletwa na mama yake na kuachwa mlangoni kwako, leo yuko darasani. Hilo ni jambo jema, na naomba mtu yeyote asilisikitikie mbele yangu. Isitoshe, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumtia aliye chini ya miaka 18 kwenye kazi ya hatari, na kuchomelea au kulala chini ya lori ni kazi ya hatari. Ila lazima tukubali maana yake: kijana anayekuja kwetu sasa ni mtu mzima wa miaka kumi na minane au ishirini, ana cheti cha kidato cha nne, na pengine ana mtoto. Huyo huwezi kumlipa chai na nauli.

Nasi bado tunamlipa chai na nauli.

Kuhusu bodaboda tulizungumza sana, na mengi yalikuwa lawama. Ajali ni nyingi, ni kweli, nasi wenyewe tumezika. Lakini nilitumia jioni kadhaa kukaa na vijana wa kijiwe cha karibu na gereji yangu, nikawauliza kwa utaratibu. Nilidhani watanitajia pesa za siku, kwamba akishatoa hesabu ya bosi na mafuta, kinachobaki anakwenda nacho nyumbani jioni ileile. Walinitajia hilo. Ila kilichonikaa moyoni ni kingine. Wengi wanaendesha pikipiki za mkataba. Kuna karatasi iliyosainiwa, inasema utaleta hesabu kiasi gani kwa wiki, kwa miezi mingapi, na siku ya mwisho pikipiki ni yako. Kijana anaijua tarehe. Anaihesabu.

Sasa jiulizeni, ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kumpa mwanagenzi wake tarehe?

Mimi sijawahi. Marehemu mwalimu wangu aliniweka miaka minne, na siku aliyoniambia nimekuwa fundi ilikuwa siku aliyougua, akahitaji mtu wa kushika gereji. Nami nikairithi desturi hiyo pamoja na spana zake. Kuna kijana aliyekaa kwangu miaka mitatu. Alikuwa anashusha giaboksi ya Fuso na kuirudisha peke yake. Pampu ya dizeli alikuwa anaisikiliza tu na kujua imekufa wapi. Kila alipouliza habari ya kulipwa kama fundi nilimwambia bado. Siku moja hakuja. Nilimkuta kijiweni baada ya wiki mbili, amevaa kofia ngumu, akaniamkia kwa heshima zote, akasema, "Mzee, bado ile ilikuwa mpaka lini?" Sikuwa na jibu, na nimelala na swali lile usiku mwingi.

Nawaambia haya kwa sababu nadhani hapa ndipo penye kidonda chetu. Malipo madogo mtu anaweza kuyavumilia akijua yanaisha lini. Sisi tumewapa malipo madogo yasiyo na mwisho, tena tumefanya ujuzi wenyewe uwe siri. Wangapi wetu tunamtuma dogo akanunue soda wakati tunapofunga taimingi ya injini? Tunaogopa akijua ataondoka na kufungua banda lake mkabala na letu. Basi anaondoka bila kujua, na sote tunakosa.

Kwa wenzetu wa migahawa na saluni sura ni nyingine kidogo. Akina mama walinieleza kwamba wasichana waliokuwa wakihudumia mezani wamekwenda kwenye hoteli za Zanzibar, na wengine Oman kufanya kazi za ndani. Wanaobaki wanatoka kazini saa tano usiku bila usafiri, na glasi ikivunjika wanakatwa mshahara. Hili la makato naomba likome. Kamati haikulipigia kura, nalisema mimi kama mwenyekiti wenu.

Kuna pia waliochukuliwa na bomba. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani kwetu hapa lina kilomita 1,443, na kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Vijana wetu wachache wa kuchomelea walipata nafasi huko. Wapo waliokosa ingawa mikono yao ni mizuri, kwa kuwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Na waliokwenda wakarudi wamebadilika. Mmoja alirejea karakana ya mwenzetu, siku ya kwanza akauliza kinyago na buti viko wapi, akaonyeshwa miwani ya jua. Aliondoka saa hiyohiyo. Baadhi yenu mlimcheka. Mimi nadhani yeye ndiye aliyekuwa na akili, na yeyote aliyewahi kukesha na macho yanayowaka kama yametiwa mchanga atakubaliana nami.

Nije kwenye upande wa pili, maana kikao cha tatu kilikuwa cha wenye karakana ndogo na wana haki ya kusikilizwa. Walisema: mwenyekiti, tumlipe kwa kipi? Mteja hapatani bei ya spea, anailipa kama ilivyo dukani. Anapatana bei ya ufundi tu. Ukimwambia elfu hamsini anakupa ishirini, na ukikataa anavuka barabara. Wenzetu wa ujenzi wamesubiri malipo ya kazi za taasisi miezi saba, huku wao walikwishalipa vibarua kwa kukopa. Na sasa kima cha chini kipya cha sekta binafsi kimeanza Januari 1, 2026, ambapo wastani umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Viwango vinatofautiana kwa sekta, na katibu amebandika ukurasa unaotuhusu ukutani. Kwa fundi mwenye banda moja na wateja wa mkopo, huo ni mzigo kweli.

Sina jibu la kuuondoa mzigo huo wote. Ila tukiendelea kushusha bei ya ufundi kwa kuvunjiana soko, hakuna atakayeweza kumlipa mtu. Kamati imekubaliana kwamba gereji zote za chama zitaandika ubaoni bei ya chini ya kazi kumi za kawaida, na aliyemkatalia mteja kwa kushikilia bei hiyo asikute mwenzake ng'ambo ya barabara ameifanya kwa nusu. Ni makubaliano ya heshima, hakuna faini. Nitazunguka mwenyewe kutazama.

Jambo kubwa ni mkataba wa uanagenzi. Ni ukurasa mmoja. Unaandikwa jina la fundi, jina la kijana, malipo ya kila wiki, na tarehe ya kumaliza isiyozidi miaka miwili. Kila miezi sita kijana atapimwa na mafundi wawili wa karakana nyingine, wasio na sababu ya kumwambia bado. Akimaliza, tutampeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akapimwe kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ule wa kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Vifaa vya kinga ni juu ya mwenye karakana. Kipengele cha malipo ya wiki kilipita kwa tofauti ya kura chache sana, na waliokipinga si watu wabaya. Kwa ajili yao tumeongeza kifungu kinachoruhusu karakana mbili ndogo kugawana mwanagenzi mmoja, siku tatu hapa na siku tatu pale, malipo wakichangia.

Tumeandika pia barua kwa shule zilizoanza mkondo wa amali, yaani wa kufundisha ufundi, chini ya sera mpya ya elimu, kuwaambia kwamba wanafunzi wao wakihitaji mahali pa kushika kazi kwa vitendo, milango yetu iko wazi. Shule moja imejibu. Watakuja wanafunzi sita mwezi wa tano, wanne wa umeme na wawili wa magari, na mmoja wa hao wawili ni msichana. Nataka karakana itakayompokea iwe na choo cha kufungika. Walio nacho wanione.

Fomu za mkataba ziko kwa katibu, na mwisho wa kurudisha ni Machi 31. Ya kwanza nimesaini mimi, kwa kijana mpya aliyeanza kwangu wiki iliyopita. Tarehe yake ya kumaliza imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ili kila anayeingia aione. Yule wa pampu nimemfuata kijiweni mara mbili. Amesema mkataba wa pikipiki unaisha Julai, na hawezi kuuvunja akiwa amebakiza miezi michache hivyo. Nimemwambia nitarudi Julai.