Kwa wajukuu wetu wa Ujerumani mnaoletewa dodoso la jeshi

Wajukuu zangu mlioko Berlin, Hamburg na Köln,

Sheria iliyopitishwa Desemba 2025 inawataka wavulana wenye uraia wa Ujerumani, waliozaliwa 2008 na kuendelea, wajaze dodoso la jeshi wakitimiza miaka 18. Wasichana wanaulizwa pia, ila si lazima wajibu. Kuingia jeshini bado ni hiari. Wanaojitolea wasipotosha idadi, Bunge linaweza kurudisha ulazima uliositishwa 2011.

Nasikia baadhi yenu mnawacheka Wajerumani eti ni waoga wa vita. Acheni. Mwaka 1999 waziri wao wa mambo ya nje, Joschka Fischer, alirushiwa rangi ikampasua ngoma ya sikio, kwenye mkutano wa chama chake mwenyewe, kwa kuunga mkono vita vya Kosovo. Kansela Schröder, mkuu wa serikali yao wakati huo, aliikataa vita ya Iraq. Afghanistan walikwenda, wakapoteza askari 59. Na tangu 1994 Mahakama ya Katiba imeshikilia kwamba jeshi halitumwi vitani nje ya nchi bila ridhaa ya Bunge. Watu wanaobishana hivyo kabla ya kufyatua risasi mimi nawaheshimu.

Ila hawakuzaliwa hivyo. Babu zao ndio waliochoma mashamba na maghala kusini mwa Tanganyika wakati wa Maji Maji, njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Desemba 1906 bunge la Berlin lilikataa kuongeza fedha za vita vya Namibia, koloni lao. Serikali ikalivunja, ikaenda kwa wapiga kura ikipeperusha bendera ya ukoloni, na Januari 1907 chama cha kisoshalisti cha SPD kilichopinga kikashuka kutoka viti 81 hadi 43. Mnaona? Aliyesita ndiye aliyeadhibiwa. Ilichukua vita viwili vikuu na miji iliyogeuka vifusi ndipo wakabadilika, na mwaka 2023 Rais Steinmeier akaja Songea kuomba msamaha.

Sasa upepo unageuka tena. Siku tatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Scholz, kansela wa wakati huo, alitangaza yuro bilioni 100 za jeshi. Siwalaumu, hofu yao ina sababu. Ninachoogopa ni siku ambayo mwenye kuuliza maswali ataitwa msaliti, na mwenye jina kama lenu ataitwa hivyo wa kwanza.

Kwa hiyo ulizeni mapema. Mbunge wenu alipiga kura gani? Jeshi linakwenda wapi, kwa muda gani? Atakayeona ni wajibu wake kuilinda nchi aliyozaliwa, aende na baraka zangu. Asiende kwa sababu ya mshahara na msaada wa leseni ya udereva. Ambaye dhamiri inamkataza kushika silaha, Kifungu cha 4 cha katiba yao kinamlinda. Aombe kwa maandishi, aeleze sababu zake mwenyewe.

Na nyinyi wazazi, dodoso hilo msiwajazie.

Ni mimi babu yenu.