Gemu ipimwe kwa umeme wetu na bando letu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu gemu za video, hasa namna zinavyosifiwa. Kila gemu mpya ikitoka, wasomaji huelezwa jinsi picha zake zinavyong'aa na nakala ngapi zimeuzwa duniani. Kwa mchezaji wa kawaida wa Uganda, yule anayepata nusu saa jioni baada ya kazi, sifa hizo hazina msaada mkubwa. Yeye anataka kujua mambo matatu. Umeme ukikatika, atapoteza nini? Gemu itakula MB ngapi? Na jirani akiingia, je, wataweza kucheza wawili? Ukizipima gemu hivyo, kadhaa zenye majina makubwa zinashuka, na nyingine zisizotajwa sana zinapanda.

Nianze na umeme, maana ndio unaotutesa zaidi. GTA: San Andreas ya 2004, gemu ya uhalifu wa mjini, bado inachezwa kwenye mashine nyingi za PS2 hapa nchini, na ni gemu tamu kweli. Lakini haijisevu yenyewe, yaani haihifadhi ulipofikia. Lazima umrudishe CJ, mhusika unayemchezesha, kwenye mojawapo ya nyumba zake na umsimamishe kwenye alama ya diski, ndipo memori kadi iandikwe. Ukimaliza misheni mbili mfululizo kisha umeme ukatike kabla hujafika nyumbani, zote mbili unazirudia. Kwa hiyo sevu baada ya kila misheni, hata kama nyumba iko mbali, na usichomoe kadi wala kuzima mashine wakati inaandika, kwa sababu hapo ndipo faili linapoharibika. Tena, usisevu baada ya kuingiza misimbo ya ujanja (cheat). Msimbo wa ghasia za raia, ukishausevu, hauzimiki, na utabaki na mji unaopigana hadi uanze upya.

GTA V ya 2013 inajisevu kila misheni ikiisha, na mhusika anaweza kusevu kwa simu yake mwenyewe akiwa nje ya misheni. Kwa sababu hiyo naiweka juu ya San Andreas kwa wachezaji wa hapa, ingawa hadithi ya San Andreas naipenda zaidi. Zote mbili ni za watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, na ninasikitika nikiona mtoto wa P.5, darasa la tano, akiachiwa pedi ya kuchezea kwenye kibanda cha gemu acheze GTA mchana kutwa.

Gemu ninayoiona imetengenezwa kana kwamba mtengenezaji alijua mazingira yetu ni Stardew Valley ya 2016, kazi ya Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliyeandika programu, akachora na kutunga muziki peke yake. Ni gemu ya shamba: unalima, unamwagilia, unafuga, unavua samaki. Siku moja ya ndani ya gemu huchukua takriban dakika 14 za kweli, na gemu hujisevu mhusika anapolala. Maana yake, umeme ukikatika umepoteza siku moja tu, si zaidi. Toleo la simu linajisevu hata katikati ya siku. Unainunua mara moja, haina matangazo, na unaicheza bila intaneti. Mgeni wa gemu hii huangushwa na kalenda: kila msimu una siku 28, na mimea mingi ya msimu mmoja hufa msimu mwingine unapoingia. Mbegu inayohitaji siku 8 usiipande tarehe 24, utakuwa umetupa hela. Mkulima yeyote wa Masaka au Mbale ataelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Red Dead Redemption 2 ya 2018 ni nzuri kuitazama kuliko gemu nyingine yoyote ya PS4, hilo halina ubishi. Lakini inakuja na diski mbili, inajaza zaidi ya GB 100 kwenye diski ya ndani ya mashine, na inakuweka kwenye theluji muda mrefu kabla ya kukuachia farasi uende utakako. Mwenye likizo ya wiki mbili aichukue. Mwenye nusu saa aiache.

Kwa wenye PS4, ukatikaji wa umeme una madhara mengine. Mashine ikizimika ghafla wakati inaandika, orodha ya gemu inaweza kuvurugika: gemu hazifunguki, au mashine inawaka polepole mno. Kabla hujampelekea fundi, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi. Unganisha pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, halafu chagua namba 5, ile ya kujenga upya hifadhidata. Kwa kawaida haifuti gemu wala ulivyosevu. Usibonyeze namba 6 au 7, hizo zinafuta. Stabilaiza peke yake husaidia umeme unapopanda na kushuka, ila umeme ukikatika haina la kufanya. UPS ndogo ya VA 650, yaani betri ya akiba, itashikilia PS4 na TV ya inchi 32 dakika chache tu, na hizo zinatosha kusevu na kuzima kwa utaratibu. Usiinunue ukidhani utacheza gizani nusu saa nzima.

Sasa mpira, ambao ndio gemu ya nchi hii. Maoni yangu ni kwamba kwa watu wawili wanaokaa kiti kimoja, gemu za PES za zamani za Konami, hasa 2013 na 2017, bado zinashinda FIFA ya kampuni ya EA. Pasi zake zinahitaji ulenge, mpira una uzito, na anayefungwa anaona alipokosea. Udhaifu wake unajulikana: timu nyingi za Uingereza hazina leseni, ndiyo maana Chelsea iliitwa London FC na Manchester City ikaitwa Man Blue. Lakini majina na jezi unaweza kuhariri mwenyewe. FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ina majina ya kweli na sauti ya uwanja, ila toleo la mwaka huu na la mwaka jana hutofautiana kidogo kuliko bei inavyodai.

Wenye vibanda wanaotoza kwa mechi wanapaswa kujua tofauti moja inayoleta ugomvi. FIFA inahesabu urefu wa nusu moja, PES inahesabu mechi nzima. Ukiweka 5 kwenye FIFA, mechi ni dakika 10 na zaidi. Ukiweka 5 kwenye PES, mechi nzima ni dakika 5. Mteja anayehama mashine moja kwenda nyingine kwa bei ileile ana haki ya kulalamika. Iandikwe ukutani.

Wauzaji wa diski nao wasituchezee. FIFA 14 na PES 2014 ndizo za mwisho zilizotolewa rasmi kwa PS2. Kwa PS3, za mwisho ni PES 2018 na FIFA 19. Diski ya PS2 yenye picha ya mwaka huu ni gemu ya zamani iliyobadilishwa jezi na majina ya wachezaji. Inachezeka, na wengine wanaipenda, lakini isiuzwe kwa bei ya kitu kipya.

Kuhusu kununua kadi za wachezaji kwenye Ultimate Team, sehemu ya FIFA ya kujijengea kikosi, nasema wazi: usiguse. Unalipia pakiti bila kujua utamtoa nani, na toleo jipya likitoka kikosi chako hakihami nalo. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba biashara ya namna hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi za FIFA huko mapema 2019. Sisi tulio na vijana wengi waliokwisha kunaswa na kubeti tulipaswa kulizungumza hili zamani.

eFootball iliyorithi PES mwaka 2021 ni ya bure, lakini bure hiyo inalipwa kwa bando, maana apdeti zinakuja mara kwa mara na mambo yake makubwa yanahitaji seva. Tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua lina kodi ya asilimia 12 ndani yake. Na tusisahau kwamba Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18. Siku hizo gemu ya mtandaoni ilikuwa alama tu kwenye skrini, na PES 2013 iliendelea kuchezwa kama kawaida palipokuwa na umeme.

Facebook nayo ilifungwa mwezi huohuo, na waliokuwa wameunganisha gemu zao na Facebook wakajikuta wanahitaji VPN, programu ya kupita kizuizi, ili kuingia. Kwa hiyo anayecheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana risasi, aunganishe akaunti na Google, asiiache kama akaunti ya mgeni, kwa sababu ukiifuta gemu au simu ikiibiwa, ya mgeni haina pa kurudi. Kati ya Free Fire na PUBG Mobile, mimi namshauri mtu wa kawaida Free Fire. Mechi ya watu 50 huisha kama dakika 10, na simu ya kawaida inaimudu. PUBG ya watu 100 kwenye kisiwa cha kilomita 8 kwa 8 ni kazi ya nusu saa, simu inachemka, chaji inakwisha, na bando likiisha dakika ya 25 umeondoka mikono mitupu. Subway Surfers haihitaji mtandao kukimbia, na ukizima data matangazo mengi yanakoma. Candy Crush inakupa uhai tano, na mmoja hurudi kila baada ya dakika 30. Hilo nalipenda, linakulazimisha uweke simu chini.

Tekken, gemu ya ngumi na mateke, ndiyo gemu bora ya kibanda. Raundi haizidi dakika moja, foleni inasogea, na mgeni anaweza kumchukua mhusika Eddy Gordo akabonyeza mateke ovyo akamshinda mwenyeji. Dawa ya Eddy ni kutulia: linda, mwache amalize mzunguko, kisha jibu kwa pigo moja fupi. Ukiona pedi inachelewa, usiilaumu pedi kwanza. TV nyingi za bapa husafisha picha kabla ya kuionyesha, na hapo ndipo ucheleweshaji unapotokea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu.

Nimalizie na gemu ambayo ningependa kuiona imetengenezwa vizuri hapahapa kwa simu zetu: omweso, mchezo wetu wa jadi unaofanana na bao. Safu 4 za mashimo 8, kete 64, kila mchezaji 32. Haihitaji picha nzito, watu wawili wanaweza kupokezana simu moja, na hali yote ya mchezo ni namba 32 na zamu ya nani, kwa hiyo inaweza kujisevu kila zamu bila kula nafasi. Mwandishi wa programu awe mwangalifu mahali pawili. Kwanza ni kula: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete kwenye safu ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yana kete, zinazoliwa hupandwa upya, yaani husambazwa mojamoja shimo baada ya shimo, kuanzia shimo lililoanzisha mzunguko huo, si pale zilipoangukia. Pili, kuna mizunguko ya omweso isiyokwisha kamwe. Programu isiyoweka kikomo cha kupanda itaganda, na mchezaji atadhani ni simu yake iliyoharibika.

Mpenda gemu,
Jinja