Lala mjini, ziwani nenda asubuhi

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku Dodoma hatujambo sote, mama yako anawasalimu.

Mmepanga kuichukua ile Hiace ya kulala likizo ya Juni, mzunguke na watoto Kondoa, Babati, Katesh na Singida, kisha mrudi kwa njia ya Manyoni. Mmechagua vizuri. Lami ni mwanzo mwisho, duru nzima ni kama kilomita 650 hadi 700, na kiangazi ndiyo wakati wake. Ila kabla hamjaamua mtalala wapi, yajueni maji ya kila ziwa, maana hayafanani.

Ziwa Babati ni la maji baridi. Lina perege na kambare, na lina viboko. Mchana kiboko yumo majini. Usiku hutoka kula majani, kisha hurudi kwa njia ileile. Ukiegesha kwenye njia yake umemfungia kurudi majini, na hapo ndipo anapokuwa mbaya. Njia yenyewe inajulikana: michirizi miwili iliyokanyagwa, katikati pamebaki tuta dogo la majani, na mavi yametapanywa kwenye vichaka vya kando. Ukiona hivyo, washa gari uondoke. Tafuteni nyumba ya wageni yenye uzio hapo mjini, muombe kuegesha uani mlipie kidogo, mtumie choo na bafu lao. Ziwani nendeni jua likishatoka, mkiwa na mvuvi mwenyeji. Watoto wasichezee maji ya ukingoni penye majani, kwani konokono wa kichocho hukaa sehemu kama hizo, na vimelea huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache. Hawahitaji kunywa maji yale ili waugue.

Singidani pale Singida, na Balangida chini ya Mlima Hanang, ni maziwa ya chumvi. Hakuna mto unaotoka. Maji hukaushwa na jua, chumvi inabaki. Kiangazi ziwa hurudi nyuma na kuacha uwanja mweupe ambao machoni ni mgumu kama sakafu. Mumeo asidanganyike. Juu ni ganda kavu, chini ni tope. Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ikishatoboa lile ganda inalalia tumbo. Kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo inavyozidi kuzama. Acheni gari palipoota majani au penye changarawe, mshuke, mpige kisigino chini. Kisigino kikididimia, gari lisisogee hata mita moja. Likinasa, shusheni mizigo na watu, punguzeni upepo wa matairi ya nyuma hadi kama PSI 20, fukueni tope mbele ya matairi, pachikeni vipande viwili vya mbao, kisha litoke kwa gia ya pili, taratibu, tairi isizunguke bure. Mkifika kwenye lami endesheni polepole hadi mjaze upepo, halafu mlioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Chumvi ya ziwa inakula bodi kuliko mvua za mwaka mzima.

Maji ya kunywa chukueni ya kutoka nyumbani. Baadhi ya visima vya Singida, Hanang na Babati vina floraidi nyingi. Ndiyo inayowafanya watoto wa huko waote meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua jikoni yenyewe inakolea. Siku chache hazitawadhuru, lakini kwa nini mjaribu wakati madumu yapo? Wekeni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Ninyi wanne ni lita 20, yaani dumu moja kila siku. Ya kuoshea vyombo jazeni popote. Madumu yakae sakafuni kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, yafungwe kamba. Ukiyarundika nyuma kabisa gari linanyanyua pua, na ukiyapandisha kwenye keria linayumba basi linapowapita.

Umeme: ile betri ya pili ni ya Ah 100 (ampia-saa, yaani ampia mara saa), na betri ya maji haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo mna Ah 50 za kutumia. Friji inakula kama ampia 4 ikinguruma, na hunguruma karibu nusu ya siku. Hizo ni Ah 48 kwa saa 24. Maana yake mkikaa siku nzima bila kuwasha injini, na anga ikiwa na mawingu sola isichaji, kesho yake friji inazima. Kabla ya kuondoka mwambieni fundi akague rilei inayotenga betri mbili, ama sivyo friji itanyonya hadi betri ya kuwashia injini. Fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri. Ikiwa mbali, waya ukichunika kabla ya kuifikia hakuna kitakachouzuia kuwaka.

Mtungi wa gesi ufungwe kokini kila mnapoanza safari. Maungio yapakeni povu la sabuni, mkiona mapovu yanavimba msiwashe. Tundu la hewa lililo sakafuni msilizibe kwa ajili ya baridi, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutokea hapo. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari usiku, hata likiwa limebaki majivu ya moto tu. Moshi wake unaoua hauna harufu.

Baridi ya Singida mwezi huo huja na upepo, mara nyingi wa kutoka mashariki au kusini-mashariki. Elekezeni pua ya gari kaskazini. Mlango wa kuburuza uko kushoto, hivyo utatazama magharibi na hautamwaga vumbi kitandani.

Vumbi jingine huingilia mlango wa nyuma mkiwa njia ya udongo. Watu hufungua vioo vya nyuma, ndiyo wanalivuta zaidi. Fungeni vya nyuma vyote, washeni feni ya mbele ivute hewa ya nje.

Kolo mkipita, michoro ya miambani ni lazima watoto waione. Pitieni ofisi ya mambo ya kale mpate mwongozaji, na muulize hali ya njia ya mlimani kabla ya kuipandisha Hiace.

Samaki nunueni asubuhi, mashavu mekundu, macho hayajazama, mkaange saa hiyohiyo. Friji ile si ya samaki wabichi.

Kurudi, mkitoka Manyoni kushuka Saranda kuelekea Kintinku, wekeni gia ndogo kabla ya mteremko, breki mguse na kuachia. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni nusu saa, na msimwagie maji diski zikiwa moto. Piteni Bahi kabla ya giza, ng'ombe wako barabarani. Vijijini 50, tochi zipo.

Mipira ya breki na feni belti nimeshamwagiza fundi, ataleta Jumamosi.

Baba yako