Barua kwa wanangu wachoraji wa kidijitali: hamu hufia katikati

Wanangu,

Nimewasikiliza kwa muda mrefu, na kilio chenu ni kilekile: hamu imekatika. Mmoja ana seti ya brashi za programu ya kuchorea iliyokwama tangu mwaka jana. Mwingine ana nakshi kumi na mbili za maua ambazo hakuna jicho jingine lililowahi kuziona. Mnadhani kipaji kimewaishia. Sikubaliani nanyi hata kidogo. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na ninavyoona mimi, hamu haifi mtu akiwa anachora. Hufia katikati, pale picha inapotakiwa kugeuka bidhaa.

Kuchora kuna raha yake. Bidhaa ni jambo jingine: itafunguliwa na mtu usiyemjua, kwenye kifaa usichowahi kukishika, kwa matumizi ambayo hukuyawaza. Hapo ndipo yanapoanza majina ya faili, vipimo, majaribio na maelezo ya matumizi. Hakuna anayekusifu kwa hayo, na aliyezoea sifa za michoro hujiona amesahaulika. Mlijue hili mapema: hiyo ni nusu ya kazi, nayo ina ustadi wake.

Niwasimulie langu. Niliwahi kutengeneza nakshi ya majani, ile inayojirudia bila maungio kuonekana. Unachora kigae cha mraba, unakisogeza nusu kwa upana na nusu kwa urefu ili kingo zake zikutane katikati, kisha unachora juu ya ule msalaba wa maungio mpaka upotee. Yote hayo niliyafanya, na kwenye skrini ilipendeza kweli. Mnunuzi mmoja akaichapa kwenye kitambaa kirefu, akanitumia picha. Kati ya kila kigae na kigae palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi, mwanzo wa kitambaa hadi mwisho. Nilikuwa nimekikata kigae bila kuhakikisha kwamba vipimo vyake ni namba kamili, kwa hiyo safu ya mwisho ya pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha, ilibaki nusu wazi. Safu moja tu! Nikamrudishia fedha zake, na kwa wiki kadhaa sikuigusa kompyuta.

Kilichonirudisha kazini hakikuwa wazo jipya. Siku moja nilikichukua kigae kilekile, nikakipanga mara tisa, tatu kwa tatu, nikaikuza picha hadi asilimia 400 na kufuata kingo moja baada ya nyingine. Nilipoona ule uzi mweupe umetoweka, moyo ulichangamka kuliko siku niliyochora majani yenyewe. Tangu hapo sitoi kitu kabla sijakitumia mwenyewe wiki nzima. Brashi naichorea picha kamili, kwa mkono mwepesi na kwa mkono mzito. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4 naiandaa kwa pikseli 2480 kwa 3508, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, halafu naichapa kwenye karatasi halisi. Skrini huchanganya mwanga, printa huchanganya wino, na ile kijani inayong'aa machoni pako hutoka imefifia.

Wengine kati yenu mnangoja tableti bora au programu mpya ndipo mwanze. Mchagua jembe si mkulima. Mfikirieni msanii Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kufanya kazi zake Paris. Mwaka 1959, akiwa hana kompyuta, alijibunia mashine ya kufikirika: alijiwekea kanuni ndogondogo, kisha akazitekeleza kwa mkono kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kama ambavyo mashine ingefanya. Kompyuta yenyewe aliifikia mwaka 1968. Alifariki Desemba 2023, zikiwa zimebaki wiki chache afikishe miaka 100, na sehemu kubwa ya maisha hayo aliitumia kwa maumbo mepesi kama mraba na mstari.

Nimejifunza kwake kwamba kanuni huupa mkono pa kuanzia siku ambayo moyo umegoma. Jiambie: leo rangi tatu tu, umbo moja, saa moja. Ukiketi mbele ya turubai tupu isiyo na mpaka wowote, utazunguka humo mpaka jioni. Ukiwa na mpaka, utaanza kubishana nao, na katika kubishana huko kazi huzaliwa.

Kuhusu kuhesabu mauzo ya wenzenu, sina mengi. Acheni.

Lakini msiuze kila mnachochora, nawasihi sana. Jicho la sokoni likikukalia begani muda wote, mkono huwa mwoga na hurudia kilichopendwa jana. Mimi nina daftari moja ambalo hakuna kitu ndani yake kitakachouzwa. Kila nikimaliza bidhaa hurudi humo siku mbili tatu, nikachora vibaya nipendavyo, bila zile tabaka za picha za kwenye programu wala kitufe cha kufuta. Ile nakshi ya majani ilianzia humo, kwenye ukurasa wenye doa la wino. Nililizungushia mishipa kwa kalamu, na doa likawa jani la kwanza.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu