Niligeuka utingo Ufaransa

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Ngosha,

Habari za Bukoba? Huku sote wazima, mama mguu wake unaendelea vizuri, na dagaa wamepanda bei tena. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza lile gari jekundu la kwenye picha ni la nani, na kama tunaweza kulileta huku. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Gari ni la shemeji, yule mume wa dada wanaokaa Kent, Uingereza. Ni MGB ya mwaka 1972, gari la spoti la watu wawili, paa lake turubai. Waingereza waliyatengeneza Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, ndiyo maana vipuri vyake havisumbui kupatikana hata leo. Injini ni silinda nne, cc 1,798, kabureta mbili za kampuni ya SU. Ukifungua boneti kila kitu unakiona na mkono unafika, hakuna kompyuta ya kukuwashia taa ya vitisho. Ungelia, Ngosha. Na kule gari likishapita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, wala halilazimishwi ukaguzi wa kila mwaka.

Nilipokuwa kwao, shemeji akasema twende Ufaransa siku chache, tufike mji wa Reims. Mwenzako nikadhani nikishaingia Uingereza milango yote imefunguka, kumbe viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na majirani zake, ni habari nyingine kabisa, na hiyo ilinitoa jasho kuliko safari yenyewe. Pasipoti inakaguliwa na askari wa Kifaransa hapohapo bandarini Dover, upande wa Uingereza, kabla hujapanda feri. Kuvuka ni saa moja na nusu tu, maana mahali pembamba kabisa pa mlango ule wa bahari hapazidi sana kilomita 33. Wewe uliyezoea kulala melini usiku kucha ndipo uione Mwanza ungedai urudishiwe nusu ya nauli.

Sasa sikiliza. Wafaransa wanaendesha kulia, na MGB ya shemeji usukani uko kulia kama magari yetu. Maana yake dereva anakaa upande wa majani, halafu mimi abiria ndiye niko katikati ya barabara, uso kwa uso na wanaokuja. Shemeji akiwa nyuma ya lori haoni chochote zaidi ya matairi. Kwa hiyo kuovateki ni kazi yangu. Nachungulia, nasema "bado, bado, kuna basi... haya, twende!" na yeye anakanyaga mafuta kwa kuniamini. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Baadaye nikawa naita kwa sauti kama niko mlangoni mwa daladala ya Buhongwa, shemeji anacheka mpaka anapunguza mwendo.

Na kwenye barabara za kulipia, mashine za tozo ziko kushoto. Anayechukua tiketi ni nani? Mimi. Gari lenyewe liko chini mno, kwa hiyo nafungua mkanda, nainuka nusu nje, nanyoosha mkono juu, na nyuma yangu kuna lori la Poland linanguruma. Utingo kamili, bado mshahara tu.

Baadaye tuliiacha barabara kuu tukapita zile za vijijini, ambazo nyingi mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Hapo ndipo gari lile liko nyumbani. Kilomita 80 ndani yake unazisikia mgongoni, upepo unakupiga, harufu ya petroli na ya shamba lililovunwa zinaingia pamoja. Kwenye kasi ya 130 ya barabara kuu ni kelele tupu, sikupenda.

Tukiwa tunaelekea mji wa Laon likazima. Kimya. Tukalisukuma pembeni, tukavaa vile vizibao vinavyong'aa, tukasimamisha pembetatu nyuma, maana sheria yao inataka hivyo vyote viwepo. Shemeji ameshatoa simu aite watu wa kuvuta magari. Nikamwambia washa swichi tu, usipige stata. Pampu ya petroli ya SU ni ya umeme, na ukiwasha swichi lazima uisikie ikigonga tik-tik-tik mpaka kabureta zijae. Haikugonga hata mara moja. Ndani ya pampu kuna pointi, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, na zikichakaa hukwama. Nikachukua spana, nikaingia chini nyuma karibu na gurudumu la kulia, nikaigonga kidogo ubavuni. Tik-tik-tik-tik! Shemeji aliniangalia kama mganga. Jioni tukaifungua, tukasugua pointi kwa msasa laini, haikusumbua tena.

Laon ungeipenda kwa sababu moja. Kanisa lao kuu liko juu ya kilima, unaliona ukiwa mbali sana, na kule juu minarani wamechonga ng'ombe wa mawe wanaochungulia chini. Inasemekana ni shukrani kwa ng'ombe waliokokota mawe kupandisha mlimani. Nimesimama pale nikasema Msukuma angehamia hapa leo.

Reims kwenyewe nitakueleza kifupi: mji mzuri, chakula ghali. Tulichoendea ni Gueux, kijiji kilicho karibu, ambako barabara za kawaida ndizo zilikuwa uwanja wa mbio. Majukwaa ya watazamaji bado yamesimama upande mmoja, vibanda vya mafundi upande wa pili, na katikati yanapita magari ya watu wanaokwenda zao kazini. Wale madereva mabingwa wa zamani walishinda hapo: Fangio mwaka 1954 na Mercedes, na Brabham mwaka 1966 na gari lenye jina lake mwenyewe. Hakuna kiingilio. Shemeji alipita pale taratibu, akageuza, akapita tena, mara kadhaa, mzee mzima.

Haya, swali lako la pili. Hapana. Kwanza ushuru wa magari makuukuu unaujua. Pili, tumbo la MGB liko chini kiasi kwamba matuta ya Nyegezi peke yake yangelimaliza, sembuse milima yenu ya huko.

Lakini mbona tunatafuta mbali? Ile Peugeot 504 ya marehemu mzee wako bado iko bandani? Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 haliwezi kushindwa na barabara ya Biharamulo. Mjomba wako nasikia anataka kuliuza chuma chakavu. Mwambie asubiri. Nipigie picha injini, upande wa kabureta, na uangalie chini ya mazulia kama sakafu imeliwa na kutu. Petroli iliyomo kwenye tangi imwageni yote, msijaribu kuliwasha nayo. Mwezi ujao napanda meli na boksi langu la spana.

Wasalimie shemeji na watoto.

Wako,
Utingo